Sarafu Isiyo na Kwao

Wako watu, tena si wajinga, wasemao ya kuwa kukusanya sarafu za kale ni burudani isiyomdhuru mtu. Mmoja hukusanya stempu, mwingine vipepeo, na wa tatu sarafu za Wayunani wa zamani, hasa zile zenye sanamu za wanyama wasiokuwako duniani. Je, wauliza, kuna ubaya gani? Mimi nasema ubaya uko, nao unatuhusu sisi wa Kunduchi kuliko tudhanivyo.

Kwanza yafaa niwaeleze wasomaji sarafu hizo ni za namna gani. Wayunani wa kale hawakuwa na mfalme mmoja juu yao wote. Kila mji ulipiga fedha yake na kuitia alama yake. Watu wa Korintho walichapa farasi mwenye mabawa, aitwaye Pegasus, hata sokoni fedha hizo zikaitwa wanafarasi. Knossos, katika kisiwa cha Krete, walichapa Minotauro, mwenye mwili wa mtu na kichwa cha fahali. Abdera walichapa simba mwenye mabawa na kichwa cha tai. Ni kazi nzuri mno, nami siwalaumu wazipendao. Wala sikubaliani na wale ambao wakiona mnyama wa namna hiyo hupiga kelele kwamba ni mali ya mashetani, na itupwe baharini. Ilikuwa alama ya mji tu, kama Seyyid Barghash alivyochapa mizani juu ya pesa yake ya shaba mwaka 1882, na Wajerumani tembo juu ya dhahabu waliyoipiga Tabora mwaka 1916. Hata katika karne ile Paulo aliyokaa Korintho akishona mahema, farasi yule alikuwa angali juu ya shaba ya mji, wala hatusomi kwamba Mtume alikataa ujira wake.

Basi ubaya hauko katika sanamu, uko katika biashara. Mwaka 2012, huko New York, sarafu moja ya dhahabu ya Panticapaeum, mji wa Wayunani kando ya Bahari Nyeusi, iliuzwa mnadani kwa zaidi ya dola milioni 3. Upande mmoja ina uso wa satiro, yule mtu-mnyama wa porini, na upande wa pili simba mwenye mabawa. Sisemi kwamba iliibiwa. Ilitoka katika mkusanyo uliojulikana. Nasema habari ya bei kama hiyo ikienea, watu hushika majembe usiku, na mwenye kuchimba usiku haandiki kitu. Sarafu ya kale ina thamani mbili: moja ni ya dhahabu yake na uzuri wake, na ya pili ni ya mahali ilipolala, udongo uliokuwa juu yake na vigae vilivyokuwa kando yake. Mnunuzi hulipia ile ya kwanza, na ile ya pili hupotea isirudi tena.

Mfano tunao karibu, kusini mwetu tu. Mwaka 1901 ilipatikana Msasani sarafu ya dhahabu ya mmoja wa akina Ptolemy, wafalme wa Kiyunani waliotawala Misri kabla ya kuzaliwa Kristo. Fikirini jambo hilo! Katika karne ya kwanza baharia mmoja aliyejua Kiyunani aliandika kitabu cha safari za bahari hizi, akautaja mji wa Rhapta kuwa soko la mwisho la pwani yetu, palipouzwa pembe za ndovu na magamba ya ng'amba. Rhapta yenyewe haijapatikana kwa hakika hata leo. Sarafu ya Msasani ingaliweza kuwa shahidi mkubwa, lakini ni shahidi asiyeweza kusema alikotoka. Haikutolewa ardhini na watu wenye kuchimba kwa utaratibu. Ilipita mkononi tu. Huenda ilikuja kwa jahazi miaka 2,000 iliyopita, na huenda ililetwa juzi katika kifuko cha msafiri.

Kadhalika mambo ya Bur Gao, kusini mwa Somalia. Kapteni Haywood, Mwingereza, alisema alizipata huko sarafu nyingi kabla ya vita ya 1914; habari zake zikachapwa miaka kama 20 baadaye. Ndani yake mna za Misri ya Wayunani, na za Rumi, na za Waislamu wa karne za mbele sana. Wataalamu wamebishana juu yake, na wengine hawazisadiki kabisa. Linganisheni na Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984: zilitolewa sarafu zaidi ya 2,000, ndogo ndogo za fedha, pamoja na chache za dhahabu kutoka nchi za mbali. Kwa kuwa zote zilijulikana zimelala pamoja, zile za dhahabu zilionyesha wakati, yaani karne ya 11, na zile za fedha zikatufunulia majina ya watawala wa pwani yetu wenyewe.

Wengine hunijibu: "Mwalimu, mvuvi ana njaa, akiokota dhahabu, aiache?" Ni neno zito. Lakini tazameni safu ya madalali tangu ufukweni hata mnadani: apataye kidogo kuliko wote ni yule aliyeinama na kuokota. Tena iko Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, inayolinda vitu vilivyofanywa kwa mikono ya watu kabla ya mwaka 1863, na kumtaka avumbuaye atoe habari. Hapa nawageukia na wakubwa pia. Mtu akileta sarafu akapokewa kwa maswali kama mwizi, mara ya pili atakwenda kwa dalali, nami sitashangaa.

Wengine husema mkusanyaji ndiye ahifadhiye. Nendeni mkayatazame makaburi ya nguzo hapa Kunduchi. Sahani na mabakuli ya Kichina yaliyopachikwa katika chokaa, mengi yamebanduliwa, yamebaki mashimo ya duara. Bakuli lililoko kabatini kwa mtu ni zima, ndiyo. Lakini sasa ni bakuli la Kichina kama maelfu mengine, na kaburi halina tena neno lake.

Basi aonaye sarafu asiisugue kwa ndimu wala mchanga. Ahesabu hatua tangu mti au ukuta, aandike, kisha apeleke habari serikali ya mtaa au Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Mwaka 1944 askari mmoja wa Australia aliokota sarafu chache mchangani katika kisiwa cha Marchinbar, kaskazini mwa nchi yake, akatia alama mahali pale katika ramani. Miaka 35 ikapita kabla hajazipeleka zitazamwe, ikaonekana tano ni za Kilwa. Zilifikaje huko hakuna ajuaye. Lakini mwaka 2013 watafutaji walipofunga safari, walikuwa na ramani ile ya kuwaonyesha pwani ya kuanzia.