Kipimo Nacho Kipimwe

Walimu wengi wa hisabati hufundisha mwendo kwa mfano wa basi litokalo mji mmoja kwenda mwingine. Si vibaya, ila mwanafunzi hupewa mwendo wa basi hilo kana kwamba umeteremka kutoka mbinguni. Haulizi ni nani aliyeupima, wala kwa chombo gani. Sisi twaona kuwa hapo ndipo somo lingepaswa kuanza.

Tutoe mfano wa mbali kidogo. Huko Marekani wapo watu wanaojiundia ndege ndogo nyumbani. Chama chao, Experimental Aircraft Association, kilianzishwa mwaka 1953. Mbele ya rubani huwapo takometa, yaani saa ionyeshayo mizunguko ya injini kwa dakika. Takometa za kizamani huendeshwa kwa sumaku, na sumaku ikidhoofika mshale husoma pungufu. Rubani huona 2,400, kumbe injini imekwisha kupita hapo, pengine hata kikomo chake. Chombo kikizidisha, hatari ni nyingine: hudhani injini ina nguvu zote za kurukia, nayo haina.

Baadhi yao husubiri usiku. Ndege hufungwa, magurudumu yakawekewa vizuizi, na rubani, akiwa kitini, hutazama taa ya mbali kupitia rafadha inayozunguka. Umeme wa Marekani huenda mizunguko 60 kwa sekunde, na taa za mirija za kizamani hupepesa mara mbili kila mzunguko, yaani mara 120. (Taa nyingi za kisasa hazifai kwa kazi hii.) Rafadha ya mapanga mawili ikizunguka mara 1,800 kwa dakika, ni mara 30 kwa sekunde, basi kila mzunguko hupata mipepeso minne, na jicho huona mapanga manne yaliyosimama tuli. Hapo ndipo mshale husomwa. Kwa umeme wetu wa mizunguko 50, picha hiyo hutokea kwenye 1,500. Mwanachuo na akokotoe mwenyewe kabla ya kuendelea kusoma.

Pana mtego, nao ndio unaotupendeza zaidi. Chini ya taa ileile ya Marekani, mapanga sita huonekana kwenye 1,200 na tena kwenye 2,400. Aaminiye macho peke yake aweza kukosea kwa nusu nzima. Yampasa ajue kwanza, kwa mlio wa injini na kwa mshale uleule anaoushuku, yu karibu na ipi.

Hatusemi shule ziwe na ndege. Jiwe lililoning'inizwa kwa uzi, mita moja toka fundo hadi katikati ya jiwe, likibembea kidogo tu, huenda na kurudi kwa sekunde mbili hivi. Wanafunzi wapokezane kuhesabu mabembeo 300, na saa ya ukutani ionyeshe kama dakika 10 zimepita. Tumewaona wanachuo wakilikwepa jaribio hili mbele ya darasa, wakihofu kwamba majibu yasipolingana watafedheheka. Yasipolingana ndipo kazi inapoanza: mwongo ni nani, saa au uzi? Mtoto mmoja atataka kuupima uzi upya. Apewe rula.