Trela Hubebwa, Ndugu Zangu

Ukitaja trela mbele ya Waafrika Mashariki wanaoishi Marekani, wawe Houston, Columbus au Minneapolis, ushauri unakufikia kabla hujamaliza sentensi: tafuta pikapu ya dizeli iliyotumika, dizeli haifi. Unatolewa kwa upole wa mtu anayekuokoa na hasara. Anayeutoa hakuulizi trela lina uzito gani, litavutwa mara ngapi kwa mwaka, wala kama litapanda milima ya Colorado au litaishia kwenye ziwa la jirani. Si imani yetu peke yetu, maana wenyeji wa Texas wanaishika kama dini, ila sisi tumeipokea kwa bidii ya waongofu wapya. Ninalozungumzia hapa ni trela la mapumziko, lile lenye vitanda, jiko, choo na tangi la maji, ambalo familia hulifunga nyuma ya gari Ijumaa jioni na kwenda nalo mbugani. Kwa trela la namna hiyo na familia ya kawaida, ushauri huo ni mbovu, na ubovu wake unaanzia mahali ambapo watetezi wake hawapatazami kabisa. Wao wanahesabu nguvu ya kuvuta tu. Trela huvutwa, ndiyo, lakini pia hubebwa.

Trela hili limeundwa liegemee mbele. Kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wake wote inatakiwa ikalie kiungo cha nyuma cha pikapu. Ikipungua, trela linaanza kuyumba barabarani, na kuyumba huko ndiko kunakopindua magari kwenye barabara kuu. Tuchukue trela ambalo likishapakiwa lina ratili 8,000, yaani kilo 3,600 na ushei. Si kubwa, kambi za Marekani zimejaa makubwa kuliko hilo. Kwa asilimia 13, ratili 1,040 zimeshaukalia mgongo wa pikapu kabla hajapanda mtu. Ongeza vyuma vya kusawazisha uzito kwenye kiungo, ratili 100. Baba, mama na vijana wawili, ratili 650. Sanduku la barafu, kuni, jenereta na baiskeli nyuma, ratili 250. Jumla ni ratili 2,040. Sasa fungua mlango wa dereva wa Ford F-250 ya dizeli, ile ya milango minne inayosukuma magurudumu yote, yenye viti vya ngozi na madoido ambayo kila muuzaji anaanza nayo. Kwenye nguzo ya mlango kuna kibandiko cheupe chenye njano kinachotaja uzito wa watu na mizigo usiopaswa kuzidishwa. Kwa magari ya aina hiyo, tarakimu hiyo mara nyingi inacheza kwenye ratili 2,000, juu kidogo au chini kidogo. Gari lenye sifa ya kung'oa mti limeshiba kwa trela la wastani, na bado shangazi hajasema naye anakuja.

Kwa nini limeshiba mapema hivyo? Kwa sababu ya ile injini yenyewe inayosifiwa. Cummins ya silinda sita inayofungwa kwenye pikapu za Ram, kwa mfano, ina uzito wa karibu ratili 1,100 ikiwa kavu, bila oili wala maji. Injini ya dizeli lazima iwe nzito: mgandamizo wake ni mkubwa, kwa hiyo bloku, kreki na silinda hedi vinatengenezwa vinene, kisha huja tabo chaja, vipoozeo na mitambo ya kusafisha moshi. Pikapu nyingi za daraja hili husajiliwa na kikomo cha ratili 10,000 kwa gari pamoja na kila kilichomo, ili mwenyewe asiingie kwenye masharti ya magari ya biashara. Kikomo hicho hakijali umefunga injini gani. Kila ratili iliyoongezwa chini ya boneti inatolewa kwenye haki ya abiria na mizigo. Ndiyo maana pikapu ileile, rangi ileile, mwaka uleule, ikiwa na injini ya petroli hubaki na nafasi ya kubeba inayozidi ya dizeli kwa mamia ya ratili. Mtu analipa zaidi ili apate gari linalobeba kidogo, halafu anajipongeza kwa kutufundisha.

Matangazo ya biashara yana lawama yake hapa. Mwaka 2019 Ram ilitangaza kwa vifijo kwamba Cummins yake imefikisha msokoto wa futi-ratili 1,000, na tangu hapo mashindano yamekuwa ya nani ana tarakimu ndefu zaidi. Tarakimu hizo ni za kweli, ila zinajibu swali ambalo mwenye trela la ratili 8,000 hakuuliza. Injini ya petroli ya lita 7.3 ambayo Ford ilianza kuifunga kwenye magari haya mwaka 2020 inatoa nguvu za farasi 430 na msokoto wa futi-ratili 475, na trela letu inalivuta bila kulia. Kinachoishiwa kwanza ni springi, ekseli na tairi. Tena, kwa kuwa tumefika kwa watangazaji, wenye kuuza trela nao wana dhambi yao: wanabandika uzito wa trela likiwa tupu, halina maji, halina sahani, halina hata godoro la akiba, kana kwamba kuna familia inayokwenda kambini kulala juu ya mbao. Mnunuzi anaondoka na tarakimu mbili, zote zimeandikwa ili kumfurahisha, na hakuna hata moja inayohusu safari yake.

Ikishindikana hoja ya nguvu, watetezi hukimbilia ile ya umri: haifi. Hii ina asili yake, na asili hiyo kwetu ni ya heshima. Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, lita 4.2, haina tabo wala kompyuta, imebeba wagonjwa, walimu na magunia kutoka Kigoma hadi Turkana, na Hilux za 3L na 5L zimezeeka kazini huku fundi wa Gerezani au wa Kirinyaga Road akizifufua kwa spana na subira. Zilivumilia hata dizeli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa, balaa ambalo Tanzania ilianza kulikabili mwaka 2010 kwa kuweka vinasaba kwenye mafuta. Wamarekani nao wana babu yao, Power Stroke ya lita 7.3 iliyofungwa kwenye Ford kuanzia 1994 hadi 2003. Sifa ya dizeli kutokufa imejengwa na injini hizo. Anayenunua leo hanunui injini hizo. Ananunua kilichokuja baadaye kwa jina lilelile.

Na kilichokuja mara tu baada ya babu huyo kilikuwa nini? Power Stroke ya lita 6.0, ya 2003 hadi 2007, iliyotengenezwa na Navistar. Kipoozeo cha oili kiliziba, kipoozeo cha moshi unaorudishwa kwenye injini kikapasuka, na silinda hedi zilizokazwa kwa bolti nne tu kuzunguka kila silinda zikanyanyuka na kuunguza gasketi. Nafasi chini ya boneti ilikuwa finyu mno, hata mafundi wengi wakaona nafuu kufungua kabini nzima na kuinyanyua kutoka kwenye chesi ndipo wazifikie hedi vizuri. Ford na Navistar walifikishana mahakamani. General Motors nao, Duramax yao ya kwanza, ya 2001 hadi 2004, ilikuwa na noseli zilizokuwa zikiharibika chini ya vifuniko vya vali, mpaka kampuni ikarefusha dhamana yake hadi miaka saba au maili 200,000. Hizi ndizo pikapu zinazopatikana kwa bei ya chini, na ndizo zinazotafutwa na mtu aliyeambiwa dizeli haifi.

Atasema atanunua mpya zaidi. Anunue, lakini ajue anachokutana nacho. Kuanzia 2006 Marekani ililazimisha dizeli ya barabarani iwe na salfa isiyozidi sehemu 15 kwa milioni, jambo jema kwa mapafu yetu. Ila usafishaji unaoondoa salfa unapunguza pia ulaini unaolainisha pampu, na kiwango cha Marekani kinaruhusu alama ya usagikaji ya maikroni 520 pale Ulaya inaporuhusu 460. Kwenye mafuta hayo ikafungwa pampu ya Bosch CP4, kwa Ford na General Motors kuanzia 2011, kwa Ram mwaka 2019 na 2020. Pampu hiyo ikijisaga, chembe za chuma hazibaki ndani yake. Zinasambaa kwenye reli, noseli na mipira ya kurudishia mafuta, na bili ya kubadilisha vyote hivyo inafika karibu dola 10,000. Ram walirudi kwenye pampu ya zamani mwaka 2021 na kuyaita magari yao yarudi karakana. Tuliozoea injini inayostahimili uchakachuaji tunanunua injini inayoweza kuuliwa na mafuta safi, na bado tunaiita kwa jina la marehemu.

Kuna pia chujio la masizi, lililoanza kufungwa 2007. Hujisafisha kwa kuunguza masizi likiwa na moto mkali wa safari ndefu. Mwenye trela la mapumziko husafiri nalo wikendi chache za kiangazi. Siku nyingine pikapu inampeleka kazini dakika 10, inampeleka kanisani au msikitini, inarudi nyumbani. Hayo ni maisha ya kuliziba chujio. Ndipo akaibuka yule muuzaji anayetangaza kwa fahari kwamba gari lake limeshang'olewa chujio na mitambo yote ya moshi, kama anayetaja sifa. Kung'oa huko ni kuvunja sheria ya hewa safi ya nchi nzima, na mwaka 2020 shirika la mazingira la serikali, EPA, lilikadiria kwamba pikapu zaidi ya 550,000 zilikuwa zimefanyiwa hivyo katika muongo mmoja. Ukitafuta dizeli iliyotumika, unatafuta ndani ya kundi hilo. Mnunuzi hupewa gari lenye kosa la mtu mwingine, na siku ya ukaguzi anayeulizwa ni yeye.

Hoja wanayoipenda kuliko zote ni ya malori: mbona malori yote ya mizigo ni dizeli? Naam, ni dizeli, na dereva wake analipwa kwa maili, anamaliza maili 100,000 kwa mwaka na injini haipoi. Kama jokofu lako na masufuria mawili yanasafiri kiasi hicho, nunua lori kabisa.

Wengine wanasema dizeli inakula kidogo. Tuwakubalie, kisha tuhesabu. Mtu anavuta trela maili 3,000 kwa mwaka, na hiyo ni familia inayopenda safari kweli. Galoni ya petroli impeleke maili 9, ya dizeli 12. Petroli itamtaka galoni 333, dizeli 250. Ameokoa galoni 83. Tuseme kila galoni ni dola 4, tusahau kwamba kodi ya serikali kuu kwa dizeli ni senti 24.4 na kwa petroli 18.4, tusahau kwamba kwenye vituo vingi dizeli ni ghali zaidi, na tusahau kwamba Power Stroke ya lita 6.7 hunywa kwoti 13 za oili kila inapobadilishwa. Ameokoa dola 332 kwa mwaka. Pampu moja ya CP4 ikifa, imekula akiba ya miaka 30.

Milimani, tuipe dizeli haki yake: tabo haiishiwi pumzi mwinukoni, na breki ya eksozi wakati wa kuteremka ni kitu ambacho petroli haina. Mwenye trela la ratili 15,000 anayevuka milima ya Rocky mara kwa mara, anunue dizeli yenye magurudumu manne nyuma na kumbukumbu zote za matengenezo. Lakini kipimo cha J2807, ambacho kampuni hutumia kutangaza uwezo wa kuvuta, kinapandisha magari mlima wa Davis Dam kule Arizona katika joto, na pikapu ya kawaida inatakiwa isishuke chini ya maili 40 kwa saa. Za petroli zinapanda, kwa mzigo ulioandikwa kwao. Zinapiga kelele zaidi, basi.

Inabaki hoja ya mwisho, inayotolewa kwa tabasamu la ushindi: dizeli haishuki bei, utaiuza kwa faida. Bei ile isiyoshuka inalipwa na nani? Dizeli ikiwa mpya humgharimu mnunuzi kama dola 10,000 zaidi ya petroli, na mwenye nayo anapoiuza baada ya maili 150,000 anataka sehemu nene ya fedha hizo irudi. Anayeirudisha ni wewe, tena mara nyingi kwa mkopo wa miezi 72, wakati chujio limekaribia kuziba, dhamana ya kiwanda imekwisha, na kibandiko cha mlangoni bado kinasema ratili 2,000.