Riwaya Hujaifungua, Umeihukumu Vipi?

Ndugu msomaji, likizo imeingia, na katika majumba yetu fatwa ni ile ile: riwaya ni upuuzi, mwana asizishike. Nakuuliza, mzee mwenzangu: umezisoma? Sisi tumeamrishwa tusifuate tusilo na ujuzi nalo, na kadhi hahukumu kabla ya kusikiliza pande mbili. Wewe umehukumu kwa kutazama jalada!

Chukua Utengano, riwaya ya Said Ahmed Mohamed wa Pemba, iliyotolewa 1980. Humo yumo Bwana Maksuudi, mtu wa heshima mbele za watu. Binti yake Maimuna amemtawisha, ulimwengu haujui. Na baba mwenyewe kwa siri hupita kwa wanawake. Binti akatoka, na kwa kuwa hakuzindushwa na mtu, akaangukia ulevi na uasherati. Je, hayo ni mafunzo ya uchafu, au ni kioo cha baba? Nachelea wako wanaoichukia kwa kuwa wamejiona humo.

Sikatai, ziko riwaya chafu, na mlezi ana haki ya kuchuja. Lakini utachuja vipi usichokijua? Tena kitabu umempokonya, simu umemwachia. Huko nani anamchujia?

Basi likizo hii chagua riwaya moja, isome wewe kwanza, kisha mpe mwanao. Baada ya Isha mkae muulizane: nani alikosa, na alianzia wapi? Mwana aliyezoea kuulizana na babaye hatatafuta mwalimu gizani.