Kamera za Muda Tarime na Serengeti: Picha Ni Shahidi wa Nani?

Ijumaa hii tumeona ni vyema tuutazame ulinzi wa aina mpya unaozidi kuenea duniani, nao unazigusa kwa karibu wilaya mbili za mkoa wa Mara: Tarime yenye dhahabu na Serengeti yenye wanyamapori. Tunakusudia kamera za video zinazofungwa kwa muda tu, siku chache au miezi michache, bila kuchimbia waya ardhini.

Tuanze na mitambo yenyewe. Kila kamera huunganishwa na redio ndogo yenye betri, aghalabu pamoja na paneli ya nguvu za jua, ikawekwa juu ya nguzo, mti au paa la gari. Redio hiyo si lazima ifike kituoni yenyewe. Huipokeza picha redio ya jirani, nayo huipokeza nyingine, hadi picha imfikie mlinzi. Mfano wake ni wavu wa wavuvi wetu wa Musoma: uzi mmoja ukikatika, nyuzi nyingine huushika wavu. Kifaa kimoja kikiharibika, picha hupitia njia nyingine, na kazi ikimalizika mitambo yote hung'olewa na kuhamishiwa kwingine. Udhaifu nao upo. Vilima na majabali huzuia mawimbi, na kadiri picha inavyopokezwa mara nyingi ndivyo video inavyochelewa au kukatikakatika.

Porini imetafutwa njia nyepesi zaidi. Katika Pori la Akiba la Grumeti, linalopakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, shirika la RESOLVE la Marekani lilifanya majaribio ya kamera ndogo zinazofichwa njiani, ziitwazo TrailGuard. Shirika hilo lilieleza kuwa majaribio ya toleo la awali yaliwezesha kukamatwa kwa wawindaji haramu 30 pamoja na nyama ya zaidi ya kilo 500. Toleo lililotangazwa mwaka 2019 liliongezewa programu inayochambua picha ndani ya kamera yenyewe, ikaziacha za wanyama wapitao na kutuma zile zenye binadamu au gari.

Hapana shaka kuna kheri katika jambo hili. Wanyama wale ni amana tuliyokabidhiwa, na askari wa wanyamapori anayejua mapema watu wako wapi hajitupi gizani kwa kubahatisha. Hata hivyo, mashine humtambua binadamu lakini haiitambui nia yake. Mama aliyevuka mpaka kutafuta kuni na mtu aliyekwenda kutega nyaya huonekana sawasawa. Anayewatenganisha ni mtu aliyeketi mbele ya kioo, na hukumu yake hutegemea uadilifu wake.

Tukivuka kwenda Tarime, uzito wa jambo unazidi. Tarehe 16 Mei 2011, katika mgodi wa North Mara huko Nyamongo, polisi waliwaua kwa risasi watu wasiopungua watano walioingia kutafuta mawe yenye dhahabu. Mwaka 2013 baadhi ya majeruhi na jamaa za waliouawa katika matukio ya mgodini hapo walifungua kesi London. Kampuni ilikana madai hayo, na mwaka 2015 shauri likamalizwa kwa maelewano nje ya mahakama, bila hakimu kutamka nani alisema kweli.

Sasa tujiulize: lau siku ile kamera zingekuwapo, nani angeziona picha? Ikiwa picha iko mikononi mwa mlinzi peke yake, ataitoa inapomtia hatiani kijana aliyevamia. Je, ataitoa pia inapomwonyesha askari akimpiga risasi mtu anayekimbia? Na aliyerushiwa mawe ataamini kweli picha iliyofichwa miezi sita? Kadhi hahukumu mpaka asikie pande zote mbili. Basi shahidi anayeweza kuitwa na upande mmoja tu hajaleta uadilifu, hata kama anayoyasema ni kweli.

Kuna na suala la faragha. Surat al-Hujurat, aya ya 12, inakataza kupeleleza aibu za watu. Wanazuoni waliozungumzia kazi ya muhtasibu, yaani msimamizi wa soko, walimruhusu kukemea maovu yaliyo dhahiri, si kupekua yaliyofichika majumbani. Kwa kipimo hicho, kamera inayotazama uzio au njia ya majangili ina hoja. Ikigeuzwa kuelekea ua wa jirani au kisima wanapoteka maji akina mama, imevuka mpaka.

Sheria ya nchi nayo haikunyamaza. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya mtu na maskani yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na Tume yake ikazinduliwa Aprili 2024. Sheria hiyo inampa mtu haki ya kujua taarifa zake zinakusanywa kwa sababu gani, ingawa imeweka misamaha katika mambo ya usalama na uhalifu.

Kwa hiyo basi, wazazi na vijana wa Nyamongo, Mugumu na vijiji vya jirani, mitambo kama hii ikiletwa kwenu, ulizeni katika mkutano wa kijiji, kwa adabu na kwa maandishi. Kamera zinatazama wapi? Zitaondolewa lini? Picha zitahifadhiwa muda gani, na nani? Na kijana wetu akiumizwa au akishitakiwa, familia yake itazipataje? Swali la mwisho ndilo lisiloachwa hata kidogo, kwani kuliuliza baada ya maziko ni kuchelewa.