Tuacheni tucheke: teatri si darasa la kunawa mikono

Wandugu wa Kindu, na ninyi mliofika hapa mkikimbia vita, leo nina neno na watu wawili. Wa kwanza ni yule anayesema mji wenye wakimbizi hauna haki ya kucheka. Wa pili ni yule anayewaruhusu wakimbizi kucheka kwa sharti moja tu: wajifunze kitu.

Mimi ni mpenzi wa teatri. Kundi likicheza hapa, iwe katika ukumbi wa parokia, kwenye uwanja wa shule au chini ya mwembe, mtanikuta mbele. Nimekaa juu ya tofali, nimekaa juu ya bidoni, nimesimama kwenye mvua. Ninachokipenda ni ile dakika mchezaji anapotokea amevaa koti pana la mkubwa wa avenyu. Hajasema neno, na watu wote wameshajua ni nani. Mkubwa wa avenyu mwenyewe, aliyekaa katikati yetu, anacheka pia, kwa sababu akinuna atakuwa amejitaja.

Nianze na mtu wa kwanza. Tangu Goma na Bukavu ziangukie mikononi mwa M23 mwanzoni mwa mwaka 2025, familia nyingine zimekuja Maniema kuongezea zile zilizokwisha kukimbia zamani. Wengi hawako kambini. Wanalala kwa ndugu na kwa watu wema, katika komini za Kasuku, Mikelenge na Alunguli. Basi mchezo ukitangazwa, anainuka mtu: "Wenzenu wanalia, ninyi mnacheza?" Maneno hayo yana sura ya huruma, lakini aliyeyasema hajamuuliza mkimbizi hata mmoja. Sisi wenyewe tunapokaa kwenye kilio, usiku ukiwa mrefu, hakosi mtu wa kusimulia vituko vya marehemu mpaka wafiwa wanacheka huku machozi yanawatoka. Hakuna anayesema wamekosa heshima. Mwenye uchungu ndiye anayehitaji kupumua.

Mtu wa pili ananisumbua zaidi, maana yeye analeta pesa. Siku moja nilikuwa kwenye mchezo uliolipiwa na shirika ambalo sitalitaja. Ulianza vizuri sana. Mume mlevi amerudi usiku, mke amefunga mlango, na mume amepiga magoti mbele ya mbuzi anamwomba msamaha, akidhani ni mama mkwe. Watu walikuwa wameshika mbavu. Ghafla bwana mmoja mwenye kipaza sauti akapanda: "Simameni hapo! Tumejifunza nini?" Kicheko kikazimika. Kikafuata kunawa mikono, kikafuata chandarua, na mwisho watu wakapigwa picha. Mama mmoja aliyetoka upande wa Shabunda, aliyekaa karibu nami na mtoto mapajani, akaniambia polepole: "Banatufundisha kunawa mikono. Mayi iko wapi?"

Sikatai mafundisho. Kipindupindu kinaua, na ni vizuri watu waambiwe. Lakini angalieni maisha ya huyu mama. Asubuhi anapangwa mstari wa kuandikwa jina, mchana mstari wa unga, kesho mstari wa sabuni. Kila mahali kuna mtu anayemwambia simama hapa, nenda pale. Mbele ya mchezo angekaa kama mtu mzima. Hapo yeye ndiye mwamuzi: anapima nani mjinga, nani mwongo, nani amedhulumiwa, na kicheko chake ndiyo hukumu. Mtu wa kipaza sauti alimnyang'anya hata hicho.

Na msiseme mchezo usio na darasa ni upuzi. Kule Lubumbashi, kundi la Mufwankolo lilichekesha watu miaka mingi, redioni na kwenye televisheni, kwa Kiswahili chao cha Katanga. Mwaka 1986, Mobutu akiwa bado anatawala, mtafiti Johannes Fabian aliwauliza maana ya usemi kwamba utawala huliwa mzima, haugawanywi. Jibu lao likawa mchezo. Hawakuandikiwa maneno na mtu. Walibishana juu ya usemi huo, wakagawana nafasi, wakajaribu mpaka ukakaa. Hakuna aliyewatuma wafundishe chochote, lakini mchezo huo uligusa jambo zito kuliko mabango mengi ya uhamasishaji. Fabian aliuandikia kitabu kizima, kilichotoka mwaka 1990.

Kwa hiyo ninaomba mambo manne. Makundi yetu, wekeni nafasi za bure kwa familia zilizokimbia vita, lakini wakae katikati ya wenyeji, si kwenye mstari wao peke yao. Anzeni mapema, ili watu wa Alunguli wavuke Lualaba kurudi kwao kabla ya giza. Tafuteni wachezaji kati ya waliofika: huko walikotoka nako watu walicheza na kuchekesha, na vituko vya safari wanavyo wao. Na ninyi mnaolipa, kwa kila mchezo wenye darasa lipieni mmoja usio na darasa, na wachezaji wapewe haki yao, maana makofi hayanunui mchele.

Siku ile, tulipokuwa tunatawanyika, yule mama wa Shabunda alinishika mkono. Hakuniuliza juu ya sabuni wala chandarua. Aliuliza: "Na ile mbuzi, ilimujibu nini?"

Sikuwa na jibu, kwa sababu mchezo haukuendelea. Watoto wake wamelala na swali hilo, na mimi pia. Mturudishie mbuzi wetu.