KITI CHA BARAZA LA MADAKTARI SI MALI YA MTU

Ndugu wafanyakazi wa Bofu,

Baraza la Madaktari la Kenya likibadili kiongozi, twaambiwa hayo ni ya madaktari wenyewe. Si kweli! Baraza hilo ndilo humwandikisha daktari bingwa, na ndilo husikiliza malalamiko ya mgonjwa. Ukivuka feri ya Likoni kwenda kupasuliwa, roho yako imo katika daftari lake.

Zamani madaktari walichagua baadhi ya wajumbe kwa kura. Sheria ya 2019 ikageuza Bodi kuwa Baraza, na wajumbe wakawa wa kuteuliwa.

Katibu wa chama akitoka, hukabidhi vitabu mbele ya wanachama. Basi anayetoka Barazani naye atangaze: ameacha malalamiko mangapi bila hukumu? Na kura irudishwe!

Umoja ni nguvu.