Mzazi, usimtishe mtoto mwenye kisukari

“Daktari, mwanangu atapofuka?” Swali hili huulizwa karibu kila kliniki hapa Mpanda na wazazi wa watoto wenye kisukari cha aina ya kwanza. Mara nyingi mtoto mwenyewe yupo palepale, anasikiliza.

Nikujibu kwanza. Ni kweli kwamba sukari ikikaa juu kwa miaka mingi huharibu mishipa midogo ya damu nyuma ya jicho na ndani ya figo, pamoja na mishipa ya fahamu ya miguuni. Lakini madhara hayo hayaji kwa sababu ya wiki moja mbaya, wala kwa embe moja alilokula akitoka shule. Huchukua miaka, na ndani ya miaka hiyo kuna mengi ya kufanya.

Kati ya mwaka 1983 na 1993, utafiti uitwao DCCT uliwafuatilia watu 1,441 wenye kisukari hiki huko Marekani na Kanada, wakiwamo vijana wa miaka 13. Kundi moja lilishusha wastani wa sukari (kipimo cha HbA1c) hadi karibu asilimia 7, jingine likabaki kwenye 9. Kwa wale walioanza wakiwa na macho mazima, kushusha wastani huo kulipunguza hatari ya ugonjwa wa macho kwa asilimia 76. Hata hivyo, waliobana sukari walipata pia kushuka kwa sukari kwa hatari takriban mara tatu zaidi, hivyo usiongeze dozi mwenyewe kwa hofu. Panga na daktari.

Sasa nije kwenye jambo linalonisumbua zaidi. Mama mmoja alimleta mwanawe wa miaka 13 kutoka kijiji kilicho barabara ya Karema. Daftari la sukari lilikuwa safi ajabu: asubuhi 6, jioni 7, kila siku, kwa kalamu ileile. HbA1c ikatoka asilimia 12. Nilimwomba mama atupishe kidogo, nikamuuliza mtoto. Akasema, “Nikiandika 18 mama analia, na baba anasema nitakatwa mguu.”

Sikumlaumu mama. Miaka ya nyuma nami niliwagombeza watoto kwa namba zao, na bila shaka niliandikiwa namba nyingi za uongo. Mtoto akiogopa kipimo, atakificha. Sukari iliyofichwa hairekebishwi, na hiyo ndiyo inayofika kwenye macho na figo.

Kwa hiyo ukiona 18, usiulize “umekula nini?” Uliza “kimetokea nini?” Huenda insulini iliungua kwa joto la Oktoba chini ya bati. (Kama huna friji, iweke ndani ya chungu kilichozungushiwa mchanga wenye unyevu, kivulini, na usiache maji yaingie kwenye chupa.) Huenda anachoma sindano mahali palepale hadi pamevimba, na dawa haiingii vizuri. Huenda ana malaria. Au aliruka sindano kwa sababu wenzake bwenini walimcheka. Kila sababu ina dawa yake, ila hutaijua kwa kumtisha.

Kuna hofu nyingine mbaya kuliko hiyo. Mzazi anaogopa upofu wa miaka ishirini ijayo, anaambiwa kuna mizizi inayotibu kabisa, anaacha insulini. Mtoto wa kisukari hiki hana insulini yake mwenyewe, na akiikosa anaweza kufa ndani ya siku chache. Akianza kutapika, kuumwa tumbo, kupumua kwa kasi na kwa nguvu, au pumzi kunukia kama matunda yaliyoiva sana, mpeleke hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku na bodaboda ni ghali. Akiwa na homa na hali chakula, insulini isisimamishwe. Dozi tu ndiyo hurekebishwa kwa maelekezo ya kliniki.

Kuhusu macho na figo, hofu yako igeuze kuwa ratiba. Mtoto akifika miaka 11 au akianza kubalehe, na ameishi na ugonjwa kwa miaka miwili hadi mitano, omba apimwe nyuma ya jicho na mkojo uangaliwe protini. Shinikizo la damu na miguu vikaguliwe walau mara moja kwa mwaka. Usisubiri alalamike kwamba haoni ubao, maana madhara ya mwanzo hayaumi wala hayaonekani, na ndiyo yanayozuilika kwa urahisi. Kama kipimo hakipo karibu nawe, omba rufaa mapema ili upange nauli.

Yule mtoto alirudi baada ya miezi mitatu. Daftari lilikuwa na doa la uji na namba za kila aina: 15, 4, 19, 9. Mama akaniomba radhi kwa uchafu. HbA1c ilikuwa imeshuka hadi asilimia 9.8. Bado iko juu, lakini safari hii niliweza kuona kwamba sukari hupanda zaidi usiku. Tumeongeza dozi ya jioni.